Sindano ya Pili

Evarista alikuwa ametimiza miaka kumi na saba katika kazi ya uuguzi siku alipovunjwa vidole viwili ndani ya chumba chake mwenyewe cha sindano. Alikuwa binti wa fundi wa reli wa Zuzu, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amezungushwa zahanati nne za wilaya ya Bahi mpaka akatua kwenye hii iliyo ukingoni mwa mbuga. Watumishi walikuwa wawili tu, yeye na mhudumu aitwaye Ibrahimu. Tabibu alikuwa amehamishwa tangu Januari na mwingine hajaletwa, kwa hiyo aliyepima ni Evarista, aliyeandika dawa ni Evarista, na aliyechoma sindano ni huyo huyo.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo aliitwa Dodoma mjini kwenye mafunzo ya usalama wa dawa. Alikwenda shingo upande. Mwalimu alikuwa Daktari Bupe, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo.

"Mgonjwa amechomwa dawa," aliwauliza, "midomo imevimba, pumzi inakata. Unaanza na nini?"

Evarista akajibu upesi, "Haidrokotisoni kwenye mshipa." Ndivyo alivyofanya miaka yote.

"Umeshamuua," Daktari Bupe akasema. "Hiyo inachukua saa kadhaa kufanya kazi, na huyu amebakiwa na dakika. Adrenalini, nusu mililita, kwenye msuli wa paja. Baada ya dakika tano hali haijabadilika, unarudia."

Ukumbi mzima ulimgeukia. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka, na pengine ndiyo sababu hakusahau.

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa tano foleni ilitoka nje ya baraza mpaka kwenye ua wa miiba. Mkulima wa mpunga aitwaye Matonya alimleta mkewe, Penina, akiwa na homa na kichomi. Walifuatana na Elieza, mdogo wake Matonya, mchunga ng'ombe, fimbo mkononi. Evarista alimsikiliza Penina kifua, akahesabu pumzi, akaandika nimonia. Hapo ilibaki kumwuliza kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Nje watoto walikuwa wanalia na watu wananung'unika. Hakumwuliza. Akamchoma penisilini.

Penina alianza kujikuna viganja, kisha shingo.

"Dada," akasema, "koo linafunga."

Midomo ikavimba, macho yakazama, akaporomoka kutoka kwenye benchi. Evarista alimlaza sakafuni, akamwambia Ibrahimu amwinue miguu, akavunja kichupa cha adrenalini na kuvuta mililita nzima kwenye bomba la sindano. Kishindo kiliwaleta Matonya na nduguye mlangoni. Walichokiona ni mwanamke wao chini, uso umeharibika, na nesi aliyemchoma sasa hivi anamwinamia na sindano nyingine.

Fimbo ya kwanza ya Elieza ilimpata Evarista begani. Alichoma hivyo hivyo, juu ya kitenge, akasukuma nusu. Fimbo ya pili ilimpasua juu ya sikio. Ibrahimu aliinuka kuzuia, akapigwa mdomoni, akatema meno mawili na damu. Matonya alimshika Evarista nywele, akambamiza kichwa ukutani mara mbili, na kabati la dawa likaanguka na vichupa vyote vikasagika.

"Umemuua mke wangu."

"Hajafa. Niache nimalizie."

"Umalizie?"

Akambamiza tena. Evarista alianguka magotini, lakini bomba lilikuwa bado mkononi, na ndani yake nusu iliyobaki, ambayo sasa ndiyo adrenalini pekee katika zahanati nzima. Elieza alilenga kulivunja. Evarista alilikumbatia tumboni kwa mkono wa kulia, akalifunika kwa mkono wa kushoto, na fimbo ikashuka juu ya vidole. Alisikia vikikatika. Penina alikuwa anakoroma, kucha zimegeuka rangi. Dakika tano zilikuwa zimefika au zimepita, hakujua. Alijivuta kwa viwiko juu ya vioo mpaka kwenye paja lile, akachoma, akasukuma mpaka mwisho.

Walimpiga mateke mgongoni na mbavuni. Hakujikinga tena.

Kisha Penina alikohoa, akatapika, akavuta pumzi ndefu yenye mluzi. Mama mmoja wa kwenye foleni, Bibi Ruthu, alikuwa amefika mlangoni.

"Matonya," akasema, "mkeo anakuita."

Matonya alisimama kama aliyemwagiwa maji. Elieza hakusimama. Alipiga teke jingine, na hapo wanaume wa foleni wakamvamia, wakamburuta mpaka uani, wakamshukia kwa mawe na kwa fimbo yake mwenyewe. Evarista alitoka ameshikilia ukuta, damu inamwingia jichoni.

"Mwacheni," alisema. "Nani atamshona?"

Walimwacha jicho la kushoto likiwa limekwisha. Evarista alimfunga kichwa kwa mkono mmoja, Ibrahimu akimkatia bendeji, mpaka gari la wagonjwa lilipokuja likawabeba wote watatu pamoja na Penina.

Siku ya tatu Penina alimfuata Evarista wodini, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Shikamoo, dada. Nilipokuwa Manyoni nilichomwa dawa nikavimba mwili mzima. Ningekwambia. Hukuniuliza."

"Sikukuuliza," Evarista akasema.

Alilia baadaye, peke yake. Kulikuwa na fomu ya kutoa taarifa ya madhara ya dawa, na hakuna aliyejua la Manyoni isipokuwa wao wawili. Aliijaza kwa mkono wa kulia, na mwishoni akaandika: Mgonjwa hakuulizwa historia ya mzio. Kosa ni langu.

Aliandikiwa barua ya onyo. Elieza alifungwa mwaka mmoja, Matonya miezi sita, na Evarista alitoa ushahidi bila kupunguza wala kuongeza. Daktari Bupe alipomwita kwenye mafunzo yaliyofuata, alisimama mbele ya wauguzi arobaini akaeleza yote, kuanzia swali ambalo hakuuliza. Mmoja alimwuliza kama amewasamehe wale ndugu.

"Bado," akajibu.

Alirudi kwenye zahanati ile ile, akadai mlango wa chumba cha sindano uwekewe komeo, akawekewa. Ibrahimu hakurudi. Yuko Mtera, anakausha samaki, na akiumwa hutuma mtu amnunulie dawa, kwa maana yeye mwenyewe hakanyagi tena kizingiti cha zahanati yoyote.