Ng'ombe Wanane Waliomwoza Dereva wa Sinema

Saa kumi na moja jioni, uwanja wa shule, Machochwe. Kornelio Machage amesimama juu ya boneti la Landrova, kamba ameing'ata, mikono inavuta shuka jeupe likae sawa kati ya nguzo mbili za goli. Chini yake wanawake waliotoka kisimani wamesimama na ndoo zao, na haraka hawana.

"Bwana harusi!" anaita mmoja. "Umekuja kuchukua mke au kuonesha sinema?"

Kornelio anaitema kamba. "Sinema, mama. Mke ninaye."

Wanacheka mpaka maji yanamwagika. Kornelio hacheki. Mke anayemtaja, Kezia, amekuja naye kutoka Mugumu kwa gari hilihili na amekwisha kuketi mstari wa mbele, mkoba mapajani. Katika miaka kumi na minane ya ndoa yao hajawahi kuja kutazama sinema. Leo amekuja kuhesabu ng'ombe.

Kornelio, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ni dereva na mwonesha sinema wa wilaya kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Mshahara wake ni shilingi elfu moja na mia mbili kwa mwezi. Mwezi uliopita dizeli ilikosekana siku kumi na saba, akaonesha sinema mara mbili tu.

Kazi yake nyingine haikuandikwa kwenye barua ya ajira. Alipewa orodha ya mambo yasiyofaa kuonekana, naye kila yalipofika aliziba lenzi kwa kiganja. Watu wakikumbatiana, kiganja. Mlevi akimtania mwenyekiti wa kijiji, kiganja. Mahari ya ng'ombe nayo, kiganja, kwa kuwa ilihesabiwa kuwa mila ya kuturudisha nyuma.

"Kuna watu kule Natta wanaijua mikono yangu kuliko waigizaji," anasema, akionesha kovu aliloachiwa na joto la taa ya mashine.

Halafu mwaka jana ikaja barua kutoka juu: kurasa za maandishi ya sinema hazikatwi tena, watengenezaji wa sinema waoneshe maisha ya watu kama yalivyo.

Wiki chache baadaye wakafika Machochwe mwongozaji na mpiga picha, kutengeneza sinema ya kuchekesha juu ya kijana anayechelewa harusi yake mwenyewe. Waliongozana na Bwana Maftah, mkaguzi wa kurasa hizo. Kwa miaka mingi Maftah ndiye aliyefuta mahari kwenye kila mchezo uliopita mkononi mwake, na bwana harusi akapeleka ukweni jembe jipya na kitabu cha kisomo.

"Safari ile nilikwenda na penseli yangu nyekundu, nikarudi nayo ndefu vilevile," anasema Maftah. "Sikuwa na kazi. Nikawa naandika tu kila kinachotokea, maana mkono umezoea."

Mwongozaji alikuwa kama ndama aliyefunguliwa kamba. Akataka zizi la kweli, ng'ombe wa kweli na baba wa kweli. Zizi likapatikana kwa Mzee Heche. Binti yake, Gati, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, akawa bibi harusi. Kijiji kikaazima ng'ombe wanane kutoka kundi la ujamaa. Aliyekosekana ni bwana harusi: mwigizaji kutoka Musoma alikuwa kitandani na malaria. Koti lake likajaribiwa mabegani mwa kila mwanamume aliyekuwepo, likamkaa Kornelio.

"Nilivaa koti, basi," anasema. "Koti ndilo lililoniponza."

Ng'ombe wakaingizwa zizini. Mzee Heche, kwa fimbo yake, akawahesabu mmoja mmoja kwa rangi. Mwongozaji akapiga kelele: "Tena!" Mbuzi alikuwa amepita mbele ya kamera. Mzee akafungua lango, ng'ombe wakatoka, wakaingia tena, akahesabu. "Tena!" Safari hii Kornelio alikuwa ameitazama kamera akatabasamu. Wakatoka, wakaingia mara ya tatu, mzee akahesabu, na mwongozaji akaridhika.

Mzee Heche naye akaridhika. Akapanga magogo langoni, akayakalia.

"Ng'ombe wamefika," akasema. "Mura, kijana wangu, mke wako yule pale."

Watu walidhani anatania. Hakuwa anatania. Baba amesimama langoni, ng'ombe wameingia, wamehesabiwa mbele ya wazee. Walichobakiza ni kulala mle, na jua likizama jambo limekwisha. Wageni hawakulijua hilo. Wenyeji walilijua, lakini mahari haikuwahi kuonekana kwenye sinema hata siku moja, kwa hiyo hakuna aliyewahi kujiuliza mahari ya mchezo inaishia wapi.

Mwenyekiti wa kijiji alishika kichwa. "Ng'ombe wa ujamaa! Wilayani nitaandika nini? Kwamba kijiji kimeoa?"

Gati hakupandisha sauti. "Baba, nina wanafunzi arobaini wazee kuliko mimi. Muda wa kuwa mke wa pili wa dereva nitautoa wapi?"

Habari mbaya haihitaji dizeli. Ilifika Mugumu na lori la pamba, na saa tisa alasiri lori lilelile likamshusha Kezia. Alishuka bila kumsalimia mtu, na kwetu hilo si dogo.

"Baba Agustina," akamwambia mumewe, "vua koti la watu."

Akalivua. Koti lilitoka, ng'ombe hawakutoka. Kornelio anakiri kwamba machozi yalimlengalenga. "Mimi ni Mkatoliki. Nina mke mmoja, nampenda, na namwogopa. Nilijiona naondoka nyumbani na sanduku."

Jua lilikuwa limeshainama Maftah alipofungua daftari lake, akamsogelea Mzee Heche kwa adabu, akamwita baba kwa lugha ya kwao.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba."

"Nimeandika hapa: saa nne na nusu ng'ombe wametoka. Saa tano kasoro robo wametoka tena. Lango alifungua nani?"

"Mimi."

Wazee wakatazamana. Mwenye zizi akiwatoa ng'ombe kwa mkono wake, amerudisha mahari.

"Mara mbili nimerudisha," akasema Mzee Heche bila kutetereka. "Ya tatu sijarudisha."

Maftah akamnong'oneza mwongozaji: "Mkanda umebaki?"

"Wa dakika moja tu."

"Basi sema neno lako."

Mwongozaji akavuta pumzi. "Tena!"

Mzee Heche, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameonja utamu wa kamera, aliruka kutoka kwenye magogo. Akafungua lango, akaswaga ng'ombe kwa fimbo, kifua mbele. Kamera ikanguruma, ikanyamaza. Mzee akabaki langoni akingoja.

"Mbona hawarudi?"

"Mkanda umekwisha, Tata."

Mzee alicheka mpaka akajishikiza kwenye fimbo. "Mmeniweza! Mimi nilijua ni mchezo. Ng'ombe ndio hawakujua."

Ingeishia hapo. Lakini sinema ilipofika mwezi uliopita kutoka Dar es Salaam, Kornelio aliijaribu ofisini, akaona ng'ombe wanaingia, basi. Hawatoki. Habari zikamfikia Mzee Heche, akaleta salamu: wakionekana mbele ya kijiji kizima wameingia na hawakutoka, yeye atasema nini? Na Kezia akasema lake: kipande cha kutoka kikikosekana, Kornelio atafute pa kulala.

Kornelio alimwandikia mwongozaji barua tatu. Kipande kikaja ndani ya kopo la maziwa ya unga, na mchana huu amekiunga kwa gundi. Ameziba picha nyingi maishani mwake. Kuongeza, hii ndiyo mara ya kwanza.

Saa moja na nusu jenereta linanguruma. Watu wanacheka tangu mwanzo, na Gati anajicheka kuliko wote. Ng'ombe wanaingia, uwanja unapiga vigelegele. Kisha kiungo kinapita kwenye mashine kwa mlio mdogo, na Kornelio anafumba macho. Kiungo kimeshika.

"Mmoja," Kezia anahesabu kwa sauti. "Wawili. Watatu." Uwanja mzima unahesabu naye. "Sita. Saba."

Wa nane anakwama langoni, kichwa nje, tumbo ndani. Shuka linabaki jeupe. Mkanda umekwisha.

Kezia anageuka taratibu kumtazama mumewe.

Mzee Heche anainuka mbele ya mwanga, kivuli chake kimejaa shuka lote. "Ametoka!" anapaza sauti. "Aliyemsukuma ni mimi. Wote wanane wametoka, na Gati ni binti yangu, yuko kwangu!"

Uwanja unalipuka. Kornelio anakaa juu ya kopo la maziwa, anajifuta uso kwa shati. "Mungu mkubwa," anasema. "Mungu mkubwa jamani."

Mwongozaji amekwisha kuandika kwamba atarudi baada ya mavuno kutengeneza sinema nyingine Busawe, na anamtaka Kornelio avae koti tena. Kornelio anasema anachotamani ni spea za jenereta na dizeli ya kufika vijiji vyote. Kuigiza, atafikiri.

Kezia, anayekunja shuka upande wa pili, ameshafikiri.

"Avae," anasema. "Lakini bibi harusi nitakuwa mimi. Na ng'ombe waingie mara moja tu."