Chatu wa Amana

Nyoka aliyenitoa nyumbani kwangu hakuwa hata wa nchi hii. Chatu wetu wa Kwale namjua, mnene mzito, akishiba anajilalia kwenye majani na watu wanapita na safari zao. Huyu mwingine asili yake ni nchi ya Malaya huko Asia, akaletwa bandarini Kilindini ndani ya sanduku na mzungu aliyekuwa na nyumba Diani, na serikali ya kikoloni ikampa mzungu huyo kibali cha kumfuga. Akakua mpaka akawa mrefu kuliko baraza yetu. Mgongoni alikuwa na michoro kama mkeka wa rangi na, sikatai, alikuwa mzuri. Uzuri wake abaki nao.

Mume wangu ndiye aliyekuwa akimtunza. Alikuwa mtumishi wa nyumba ile, Mdigo wa Ukunda, mtu wa dini, hana makuu, ila akishika neno haliachi. Siku ya nikaha yetu baba yangu alimshika mkono mbele ya watu akamwambia, mwanangu huyu ni amana kwako. Akaitikia kwa sauti iliyofika mpaka uani tulikokuwa sisi wanawake. Mie nikajiona nimepata mume.

Haukupita muda mrefu uhuru ukaja, na wazungu wa ufukweni wakaanza kuuza nyumba zao. Bwana yule naye akauza. Mbwa akampa mzungu mwenzake. Nyoka hakuna aliyemtaka, basi akamwita mume wangu kwenye banda la nyoka, akampa ufunguo mkononi, akamwambia amtunzie mpaka atakaporudi. Angekuwa mtu mwingine angecheka, angeitikia ndiyo bwana, na kesho yake angetafuta panga. Mume wangu alimjibu, "Inshallah utamkuta."

Akaja kuniambia hivyo nikiwa nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi. Nikamuuliza, utamkuta wapi? Akasema hapa kwetu. Niliacha kukuna nikamtazama. Nilikuwa na mimba changa, kichefuchefu hakiniachi, na mtu ananiletea joka uani.

Alimjengea banda la boriti na waya mzito, akaziba kila upenyo. Wanaosema kufuga nyoka ni kazi rahisi kwa kuwa hali kila siku, waje niwaambie. Alikula kuku, kisha bata, kisha akawa hashibi ila kwa mwana-mbuzi, na lazima awe hai. Akijisaidia, harufu inaingia mpaka kwenye wali. Kabla ya kufungua banda, mume wangu aliosha mikono kwa sabuni mpaka viwiko, maana mkono unaonuka kuku kwa nyoka ni kuku, kisha akamgusa kichwa kwa fimbo ndefu, taratibu, ajue kwamba kinachoingia si chakula. Kumhamisha kulitaka wanaume wanne, na baada ya muda hao wanne hawakupatikana tena. Majirani waliacha kuja. Wale waliokuja walitaka mafuta yake ya dawa ya viungo, au ngozi, na mume wangu aliwajibu wote jibu moja, kwamba ni amana ya mtu.

Lakini lililonichoma ni kusi. Upepo ule ukianza na mvua zake, nyoka hapendi baridi, hali, anajikunja tu. Basi mume wangu akawa anamwekea jiko la makaa nje ya waya, anamchemshia maji na kuyapoza yawe vuguvugu, amwage kwenye karai kubwa ajilowanishe. Na mie, tumbo hili mbele, nakwenda kisimani mwenyewe. Nilimwambia siku moja kwamba natamani ningezaliwa na magamba. Alicheka, akadhani namtania.

Mimba ilipokuwa kubwa nilikwenda kwetu Gazi kujifungua, kama ilivyo ada kwa mtoto wa kwanza. Nikapata binti. Arubaini ilipotimia mume wangu akaja kutuchukua, na kanga mpya mkononi, na marashi. Mama yangu alimpokea vizuri, akampa kahawa na mkate wa sinia, akamngoja amalize. Kisha akamwambia, kwa heshima zote, kwamba mtoto mchanga ananuka maziwa, na mjukuu wake hatalala uani pamoja na joka. Nyoka akiondoka, aje hata usiku wa manane, atatukabidhi. Mume wangu aliniangalia mie. Nikamwambia mama amesema kweli. Akaahidi kwamba atamtafutia nyoka mahali pa halali, asimuue wala asimtupe, ampeleke kwa serikali imhifadhi mpaka mwenyewe arudi.

Basi akapanda Kwale kwa bwana nyama, kama tulivyomwita ofisa wa wanyama pori. Alikuwa kijana wa bara, mgeni katika kazi. Akamweleza mume wangu kwamba kibali kiliandikwa kwa jina la mzungu, na mzungu hayupo, kwa hiyo yeye anafuga nyoka kinyume cha sheria. Mume wangu akasema, ndiyo maana nimekuja, mchukueni. Akaambiwa hapana pa kumweka. Amwachie msituni? Kosa kubwa zaidi, huyo si mnyama wa nchi hii, atakula wetu. Je, auawe? Aliyekuwa na ruhusa ya kumuua ni mwenye kibali. Arudi naye nyumbani, wataandika Nairobi. Akarudi. Kwa hiyo aliyekwenda mwenyewe kuuliza sheria ndiye sasa aliyejulikana ofisini kuwa anaivunja, na mzungu aliyemleta mnyama huyo hana habari, anakunywa chai yake Ulaya.

Nairobi haikujibu. Mvua zikaozesha boriti moja ya banda, na asubuhi moja nyoka hakuwamo. Walimkuta kwenye zizi la jirani, tumbo limevimba, mbuzi mwenye mimba yumo ndani, na nyoka hawezi hata kugeuka. Watu wakaja na mapanga. Mume wangu akasimama mbele ya nyoka na mikono ameitanua, akiwaomba radhi, akiapa kumlipa jirani mbuzi wake, lakini nyoka wasimguse. Sikuwapo. Nilihadithiwa na kila mtu, na kila mtu aliongeza chumvi yake, ila hilo la mikono wote walisimulia sawa. Chifu akaita polisi, polisi wakamwita bwana nyama.

Kortini nilikwenda, mtoto mgongoni. Hakimu aliuliza nyoka ni wa nani. Wa bwana. Bwana yuko wapi? Amesafiri. Atarudi lini? Mume wangu akasema mwenyewe ndiye ajuaye. Watu wakacheka, na hakimu naye akainama. Akaulizwa kwa nini hakumuua alipoona mambo yamemzidi, akajibu kwamba mtu haui mali ya mwenzake. Akafungwa. Huyo ndiye mhalifu wa wanyama waliyempata.

Nilikwenda kumtazama jela. Nilimpigia mtoto wanja, nikamvisha gauni jipya, nikampakata mbele ya wavu amwone meno yake mawili. Mume wangu alinitazama, macho yamezama, na neno la kwanza lilikuwa, "Wanampasha joto?"

Nyoka, ndiye aliyemuulizia. Nikamwambia ukweli, na sikuupunguza makali: walimtia guniani, wakampeleka Kwale, wakamweka kwenye ghala la sementi, na kule juu milimani asubuhi ni ukungu mtupu. Hakumaliza mwezi. Ngozi yake ilionekana ukutani kwa mkubwa mmoja, na huyo sikusikia ameulizwa kibali. Mume wangu alifunika uso akalia. Mtoto naye akalia. Mie sikulia.

Nikajiambia, basi yamekwisha. Nyoka hayupo, mume atatoka, atatuchukua. Mama yangu mwenyewe alianza kukunja mikeka yangu. Mume wangu akatoka jela, akapita Gazi barabarani, kwetu hakuingia. Nikamtuma mjomba wangu kwenda Ukunda kuuliza kulikoni. Akarudi na jibu kwamba mume wangu ananisalimu sana, lakini mtu aliyepoteza amana ya mwenzake hana uso wa kwenda kuchukua mwana wa watu. Bwana atarudi, alisema hivyo. Akirudi atamwomba radhi, akisamehewa atakuja.

Loo! Mjomba alidhani amerukwa na akili. Mie nilijua hakurukwa na lolote. Talaka hakutoa. Posho alileta kila Ijumaa kwa mkono wa mtu, unga, samaki, nguo za mtoto kwa kukadiria, zote ndogo. Baba yangu akafa tukazika, akaja akasimama nyuma ya watu, akaondoka kabla ya khitma. Mtoto akaanza kusoma Kurani chuoni. Ikawa nikiulizwa mumeo yuko wapi najitia sikusikia.

Na mzungu akarudi! Akaja kwa matembezi, akafikia hoteli mpya iliyojengwa karibu na ilipokuwa nyumba yake. Mume wangu alisikia, akavaa kanzu na kofia, akaenda akangoja nje ya lango, maana ndani hawamruhusu, mpaka bwana alipotoka kwenda kutembea. Yaliyosemwa aliyasema mwenyewe kwetu, jioni ile ile, amekaa sebuleni kwa mama yangu, kofia ameivua. Alimweleza bwana kila kitu, akamwomba msamaha. Bwana kwanza hakumkumbuka nyoka. Alipokumbuka alicheka sana, akampigapiga begani, akamwambia alijua atamuua wiki ile ile. Lile neno la kumtunza mpaka arudi alilisema tu ili asiwe yeye wa kuona uchungu wa kumuua nyoka.

"Kwa hiyo amenisamehe," mume wangu akasema. "Nimekuja kuwachukua."

Mama yangu alitoka akatuachia nafasi. Binti yangu, mrefu sasa, aliingia kutoka chuoni, akamwona mgeni, akamwamkia shikamoo kwa adabu kama nilivyomfundisha kuwaamkia wageni, akapita. Mume wangu aliitikia marahaba, akamfuata kwa macho mpaka alipoingia ndani.

Nilimwonea huruma, Mungu ni shahidi wangu. Hata leo namwonea. Lakini hasira niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko huruma, na ilikuwa imekaa miaka.

"Na mie nilikuwa amana," nikamwambia. "Uliitikia mbele ya baba yangu, nikakusikia. Miaka yote hii hukuuliza hata mara moja kama napata joto."

Aliizungusha kofia mikononi, akaomba maji ya kunywa. Nikamletea kwenye bilauri ya wageni. Akanywa, akashukuru, akatoka, na talaka niliipata kwa mkono wa mjomba, Ijumaa iliyofuata, pamoja na unga.