Samli Miguuni

Ni mimi niliyemsema. Nimekana kwa miaka sita, nimekana kwa kiapo, na siku moja nilikana nikiwa nimemshika mkono yeye mwenyewe. Lakini ni mimi niliyekwenda kwa bosi nikasema kwamba binti wa mapokezi ananuka miguu.

Hakuwa akinuka. Alikuwa Mnyarwanda aliyelelewa Bujumbura, anakaa mtaa wa Gatsata, na asubuhi za mvua alifika ofisini kwetu, mtaa wa Kiyovu, na kandambili zimejaa tope. Alinawa miguu bombani nyuma ya jengo, kisha akajipaka samli ya ng'ombe iliyofukizwa majani ya kunukia, aliyotumiwa na mama yake ndani ya kopo, kama wanawake wa huku Rwanda wanavyojipaka tangu zamani. Ndipo akavaa viatu vya visigino na kukaa mbele. Miguu iling'aa. Wageni walisimama kwake wakaongea, wakacheka. Mimi walinipungia mkono.

Nimetoka Tanga. Kwetu samli ni ya pilau. Nina shahada mbili, nguo zangu nazifukiza udi, na nilijiona mwalimu wa harufu wa jengo zima, ingawa mgeni mmoja aliwahi kuniuliza kwa upole kama kuna kitu kinaungua.

Bosi alimhamishia stoo, kwenye karatasi na wino. Alimwambia kosa, hakumwambia nani alimsema. Binti akaja mezani kwangu, macho mekundu, kiatu mkononi.

"Dada, nusa. Niambie ukweli. Iko harufu?"

Niliinama nikanusa. Nikainua kichwa taratibu, kama daktari.

"Kidogo, mdogo wangu."

Ningeweza kuishia hapo. Badala yake nikamfanya mradi wangu. Nilimshauri atupe lile kopo la mama yake, akalitupa. Nilimpeleka Nyakabanda kwa fundi akamshonea viatu bapa vya wazi, vibaya kuliko vyote nilivyowahi kuona, eti miguu ipate hewa. Nikamnunulia poda. Bila samli visigino vyake vilikauka, vikapasuka, nami nikamwambia hasugui vya kutosha. Alinishukuru mbele za watu. Shukrani zile, sitaficha, zilinipendeza.

Mwezi uliopita bosi mpya alitangaza nafasi ya mapokezi. Jumamosi tukawa saluni, tumekaa bega kwa bega, miguu yetu ndani ya mabeseni ya maji moto, kila mmoja na msichana wake wa kumsugua.

"Nitaiomba ile kazi," alisema. "Lakini kwanza nijue ule mtu. Kama bado iko pale, atanisema tena."

"Ya zamani achana nayo, mdogo wangu."

"Wewe unasema hivyo sababu uko na roho nzuri, dada. Bosi wa zamani alishastaafu. Sasa atanificha nini?"

Rangi ya kucha zake ilikuwa mbichi, kwa hiyo alimpigia kwa kifundo cha kidole na kuiweka simu kwenye spika. Nikasema nataka kwenda chooni. Msichana alikuwa ameng'ang'ania kisigino changu, wembe mkononi.

"Mama, tulia. Nitakukata."

Bosi alipokea, akasalimia, akasikiliza swali, kisha akacheka.

"Ah, bado unahangaika na ile habari? Si huyo Mtanzania wako wa udi! Mara ya kwanza nilimfukuza. Akarudi. Mara ya tatu nikaona bora wewe uende stoo, mimi nipate amani."

Mara tatu. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba ilikuwa mara moja.

Hakunitazama. Alipuliza kucha zake, kidole kimoja baada ya kingine, kisha akaisogeza simu kwa kiwiko mpaka ikagusa paja langu.

"Bosi, sema tena," alisema. "Iko hapa na mimi. Asikie vizuri."