Mlango wa Kabati Saa Saba Kasorobo

Mimi ni mtu wa kushuku, tena wa kupindukia. Nikiwa mdogo kwetu Bungoma nilikuwa nachungulia sufuria kabla chakula hakijapakuliwa, nijue mapema nani atapewa kipande kikubwa. Mke wangu husema hata siku ya kiyama nitamwitisha malaika kitambulisho. Huwa nacheka. Lakini kazi yangu ilinipa kisingizio cha kuendelea na tabia hiyo, na ndiyo iliyoniponza.

Kazi yenyewe ni kutunza vituo vya simu, kuanzia Kitale mpaka huko Lwakhakha. Zamani chini ya mlingoti kulikuwa na redio na betri, basi. Siku hizi wameleta na seva, zile kompyuta zisizo na kioo ambazo kwanza zilikaa mjini kwenye chumba cha baridi. Sasa zinakaa shambani, ndani ya kabati la chuma, jua linawaka juu yake, ili ziwe karibu na redio na mtandao uende kasi. Ukilifungua mchana unapigwa na joto usoni kama umefunua sufuria ya ugali. Kinachoziokoa ni feni mbili na kichujio, wavu mnene uliopachikwa ndani ya mlango, unaopitisha hewa na kuzuia vumbi. Kichujio kikiziba, seva inachemka, inajizima, na vijiji vya pale vyote vinakosa simu.

Mwaka huo makabati yote yalifungwa kengele. Mlango ukifunguliwa tu, simu yangu inalia hata kama niko kinyozi.

Wakati wa mavuno kituo kimoja kikaanza kunisumbua. Kilikuwa katikati ya mashamba ya mahindi, upande wa Moi's Bridge. Saa saba kasorobo hivi mlango unafunguliwa, dakika kumi baadaye unafungwa. Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo, mpaka Alhamisi. Ijumaa kimya. Jumamosi tena. Nikajiambia, ala, mwizi gani huyu anayepumzika Ijumaa?

Jibu nililipata bila kutoka kitini. Mlinzi wa pale alikuwa mzee wa Kitale mjini, Mwislamu, nyumba yake iko karibu na msikiti. Siku zote alishinda kituoni, isipokuwa Ijumaa alipokwenda mjini kuswali na kuona familia, mlinzi mwingine akamshikia zamu. Mzee wa kofia safi na koti lililopauka, mpole mpaka ananikera. Mtu mpole namna hiyo, niliwaza, anaficha nini?

Nilienda bila kumpigia simu. Nilimkuta mikono ya shati imelowa, mabegani ana vumbi, anatandika mkeka wa kuswalia.

"Karibu fundi. Leo umekuja ghafla," akasema.

Ghafla! Kwani ghafla inamsumbua nini mtu asiye na kosa? Nilikagua betri, zote zipo. Nyaya za shaba, zipo. Nikaamua kwamba bado anapima, anangoja siku yake, maana nani huku kwetu hajasikia habari za betri zilizovukishwa mpaka pale Lwakhakha zikaenda kuwasha taa za watu wa nchi jirani? Kichujio kilikuwa safi kabisa, kama kipya. Na hilo pia nikaliona ni ujanja, kwamba amefuta alama za vidole. Shamba la jirani, ng'ambo tu ya ua, mashine ya kupukuchua mahindi ilikuwa inanguruma, na dereva wa trekta akampungia mzee mkono. Nikaandika kwenye daftari: ana mwenzake mwenye trekta.

Nilichunguza kila kitu siku hiyo ila kumwuliza mwenyewe. Mtu wa kushuku haulizi, anaogopa kumshtua mwizi.

Ripoti yangu ilikuwa kurasa mbili. Mkubwa wangu alipoisoma alikuna kichwa. "Lakini bana, huyo mzee ametoa wapi funguo?"

"Amechongesha," nikasema, bila hata kupepesa macho.

Wakamwita ofisini, wakamwambia atoe vitu mfukoni, na kweli, funguo ikatoka. Alifutwa kazi siku hiyo hiyo. Mimi sikuwepo, niliambiwa kwa simu. Wacha niseme ukweli: nilifurahi. Nilimwambia mke wangu unaona, mimi siotangi tu mambo. Yeye aliendelea kukunja nguo.

Akaletwa mlinzi mpya, na mlango ukanyamaza. Siku ya nne simu yangu ikalia kilio kingine, cha joto. Kabla sijafika Moi's Bridge, seva ilikuwa imejizima, na pale barabarani watu walikuwa wamenyanyua simu juu wakitafuta mtandao.

Mlinzi mpya alikuwa amekaa kivulini. "Mimi niliambiwa nisiguse kitu," akasema kabla sijafungua mdomo. "Ati nikigusa, nafutwa."

Nikafungua kabati. Kichujio hakikuonekana. Kilikuwa kimefunikwa na makapi ya mahindi, yale maganda mepesi mekundu, yamejishona kwenye wavu mazito kama blanketi. Mashine ya jirani ilikuwa inayatupa, upepo unayaleta, na feni zinayavuta moja kwa moja. Nikakichomoa, nikakipindua, nikakigonga kwenye nguzo ya ua mara tatu.

Hapo mkono wangu ukakumbuka.

"Shika hivi, mzee. Gonga, usisugue. Kisha osha, kikauke, urudishe." Sauti ni yangu. Ilikuwa mavuno yaliyotangulia, kabla ya kengele, mashine ileile ikinguruma. Mdogo wangu alikuwa anaoa Bungoma, nami sikutaka kusumbuliwa kuja kila siku kupangusa makapi. Nikampa mzee funguo ya akiba, jambo lililokatazwa kabisa, na ofisini nikaweka sahihi kwamba hakuna funguo iliyo nje. Kisha nikasahau. Haki ya Mungu nilisahau, ingawa hata sasa ninaposema hivyo sijui kama ninajiamini. Yeye hakusahau. Mavuno yalipofika alirudia kazi niliyompa: kabla ya swala ya adhuhuri anagonga kichujio, anakiosha, anakirudisha, ndipo anatandika mkeka.

Nilienda Kitale nikiona aibu mpaka masikio yanawaka. Nyumba yake nilielekezwa na watu wa msikitini. Mkewe aliponiona aliingia ndani bila salamu. Mzee alinipa kiti.

"Waliniuliza funguo nimepewa na nani," akasema. "Nikanyamaza."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Una watoto, fundi. Nikajua utakuja kusema mwenyewe. Nikangoja kesho, nikangoja kesho kutwa."

Mtu mwingine angelia pale. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa tayari najiuliza kwa nini amenifichia, ananiwekea mtego gani. Na nikalisema kwa mdomo wangu: "Sasa mzee, unataka nini kwangu?"



"Kazi yangu," akasema. "Nataka kazi yangu."

Barua niliiandika jioni hiyo kabla moyo haujageuka. Funguo nilimpa mimi. Kazi ile nilimtuma mimi. Mkubwa wangu aliisoma akasema, "Bana, hapa unajimaliza," lakini akaipeleka. Nilipewa onyo la mwisho, na vituo vya upande wa Lwakhakha nikanyang'anywa. Mzee alirudishwa.

Siku aliyorudi, mahindi yalikuwa bado yanapukuchuliwa. Nilimpelekea funguo, safari hii kwa ruhusa ya ofisi. Nikainyoosha. Hakuipokea.

"Andika kwanza, fundi," akasema. "Andika ni wewe umenipa, na uweke sahihi."

Nikaandika nikiwa nimeegemea kabati. Akaichukua ile karatasi, akaisoma mara mbili, akaipindua kuona kama nyuma kuna kitu. Kisha akaniuliza kama kuna nyingine niliyopeleka ofisini ambayo yeye hajaiona.