Gauni la Fundi Mwenyewe

Fundi cherehani huongea na pini mdomoni, na wifi yake, anayemkanda miguu kila jioni, ndiye pekee anayemwelewa vizuri. Saratani ya titi ilipofika kwenye mifupa, fundi alikwenda hospitali kutundikiwa dripu za dawa kali bila kukosa; nyumbani akakandwa, akafanya mazoezi ya kupumua, akanywa chai ya tangawizi kutuliza kichefuchefu. Kila dawa aliyoletewa na majirani alimwonyesha daktari kwanza. Walipomshauri aachane na hospitali anywe mizizi tu, aliwajibu kwa upole, "Mimi sishoni kwa uzi bila sindano." Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa dawa hizo, lakini hakumkabidhi mteja nguo kabla ya kuupapasa kila mshono.

Siku daktari aliposema uvimbe umenywea na kwa sasa haukui tena, wifi alilia mpaka kwikwi ikamshika. Walipofika nyumbani fundi akajipima kiuno, kilichokonda kama cha binti, akatandaza kitambaa chake mwenyewe na kukikata.

"Mbona umeacha nafasi kubwa hivyo kwenye mishono?" wifi aliuliza.

"Nitanenepa, wifi yangu."