Kompyuta Haikai Uchi

Enzi za ruksa, Kariakoo iliuza kila kitu, hata chipu za memori za mtumba. Nikanunua, nikazipachika mwenyewe kwenye kompyuta yangu ya nyumbani. Ikawa inawaka vizuri, ikishapata moto inaganda. Kila nikimaliza kuifungua na kuifunga, narudishia juu yake kitambaa cha kufuma cha mama, kama kwenye redio na friji, halafu namlaani muuzaji. Mwisho nikamburuta hadi nyumbani aione takataka yake.

Nikaiwasha, tukangoja hadi ikaganda. Kunyanyua kitambaa nimwonyeshe chipu zake, joto likanipiga usoni. Kilikuwa kimeziba matundu yote ya hewa! Mashine ilipopoa, ikapiga kazi bila kukwama.

Mama akaingia na chai, akakitandika tena.

“Kompyuta inakaaje uchi mbele ya mgeni?”

Sisi wawili, tuliotukanana njia nzima, tukaitikia kwa pamoja: “Samahani, mama.”