Beki Aliyekatazwa Kurudi Nyuma

Nilitoka Kalundu, bandari ya Uvira, kwa sababu nilitumwa, ingawa wanaonijua watasema ningetoka hata bila kutumwa. Shule niliiacha darasa la tano nikaenda bandarini kuona mashua zinapakia nini, na tangu siku hiyo sijakaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Mwaka ule wa uasi, kocha wa timu moja ya Bujumbura, timu ya kiwanda cha pamba, alinituma nikamlete Kashindi. Jumapili kulikuwa na mechi ya majaribio. Kashindi akicheza vizuri, kiwanda kingemrudishia nafasi yake: mshahara, nyumba ya matofali, viatu. Asipofika, nafasi ingekwenda kwa mwingine.

Kashindi alikuwa beki, mtu wa kwetu Uvira. Tangu uhuru alikuwa akicheza ng'ambo ya mpaka kwa mshahara, na watu wa Kavimvira, pale mpakani, walimpa jina la Bariyera, kama kile chuma kinachosimamisha magari mpakani. Lakini hakusimamisha mtu kwa nguvu. Ufundi wake ulikuwa kurudi nyuma. Mshambuliaji akimjia, yeye anarudi kinyumenyume, taratibu, macho kwenye mpira, mpaka yule mtu anajisahau na kuusukuma mbele kidogo kuliko inavyofaa. Hapo mguu wa Kashindi unatokea. Nimeona washambuliaji hodari wakibaki kutazama chini kama watu walioangusha ufunguo.

Alikuwa ameenda Bwegera, kijiji cha kaskazini mwa Uvira, kumzika mama yake. Kabla matanga hayajaisha, waasi waliliteka bonde lote la Ruzizi, naye akabaki huko.

Kavimvira, asubuhi. Wabadilisha pesa walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vilevile, ingawa bendera juu ya vichwa vyao ilikuwa imebadilika tena. Waliniuliza kama kule ninakokwenda kuna chumvi. Sikujua. Nikapata nafasi nyuma ya baiskeli ya muuza mihogo, tukashika barabara ya kaskazini.

Kiliba, miwa ilikuwa imesimama bila mtu wa kuikata. Sange, lori lililoungua lilikuwa limelala kando ya barabara, na mbuzi walikuwa wamelifanya kivuli chao. Kwenye kizuizi, wapiganaji walikataa kunipa mkono. Walisema mimi sijanyunyiziwa maji ya dawa na nitawaharibia yao. Mmoja wao, baada ya kunitisha vya kutosha, aliniuliza kwa upole kama timu za Bujumbura bado zinacheza.

Bwegera, jua likielekea kushuka. Nilipokewa na dada yake Kashindi, Nabintu, mkulima wa mpunga, mwenye mimba kubwa. Alinipakulia wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kashindi mwenyewe alikuwa amekaa mbali, anachoma muhogo wake peke yake, kwa sababu mganga wa wapiganaji, mama mmoja mzee, alimkataza kula chakula kilichopikwa na mwanamke mwenye mimba.

"Mutazame," Nabintu aliniambia, sauti juu ili ndugu yake asikie. "Minye nilimubeba ku mugongo. Leo chakula yangu iko sumu."

Baadaye Kashindi alinieleza. Vijana wote wa kijiji walinyunyiziwa maji, wapende wasipende. Mganga aliwaambia risasi zitageuka maji mwilini mwao, ila washike masharti, na sharti kubwa ni hili: usitazame nyuma, wala usipige hatua hata moja kurudi nyuma. Akirudi mmoja, dawa inamtoka. Nilimuuliza kama anaamini. Alisema ameona kwa macho yake askari wa serikali wakitupa bunduki na kukimbia mbele ya watu wenye mikuki. Habari hiyo hata Uvira tuliijua.

Kamanda wao alikuwa mpenzi wa mpira. Alifurahi kusikia kwamba mtu wake anatafutwa Bujumbura, akatoa neno lake mbele ya watu: Kashindi akichukuliwa na timu, abaki huko; asipochukuliwa, Jumatatu arudi kazini. Asiporudi, dada yake yupo.

Tuliondoka Jumamosi kwa miguu. Nilikuwa na furaha, naye alitembea akitazama mbele tu. Karibu na Sange nilimwambia kwamba uwanjani hakuna risasi, kwa hiyo kesho acheze kama zamani.

"Kesho iko mupira," alisema. "Na wakinikataa? Kesho kutwa iko masasi. Nitaenda na nini?"

Nilibishana naye mpaka Kavimvira. Nilimwambia akicheza vizuri hatahitaji dawa tena. Alisema hakuna ajuaye kama atacheza vizuri.

Bujumbura, Jumapili. Uwanja ulijaa, na wengi walikuwa wakimbizi wa kwetu waliokuja kumwona Bariyera. Mshambuliaji wa kwanza alimjia, mfupi, mwepesi. Kashindi alisimama. Miguu yake niliiona ikitaka kwenda nyuma. Kisigino kiliinuka, kikatua palepale. Kisha akamrukia mbele, kama beki yeyote asiye na mafunzo, na yule mfupi akapita kando yake. Bao. La pili lilikuja kwa njia ileile. Watu wa Uvira waliacha kuita jina lake, na mmoja nyuma yangu alisema bariyera imefunguliwa, magari yote yapite.

Kocha alimtoa kabla ya mapumziko. Hakupiga kelele.

"Kashindi, ndugu yangu, mimi nilikuita urudi nyuma," alisema. "Wa kwenda mbele ninao kumi."

Kashindi alivua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye benchi.

Jumatatu nilimsindikiza mpaka Kavimvira. Niligharamia chai. Aliniambia kwamba angalau maji yake yako salama, na alisema hivyo bila mzaha. Kisha akashika barabara ya Bwegera na mimi nikarudi Kalundu.

Askari wa serikali walipolichukua tena bonde, nilikwenda Bwegera. Mpunga ulikuwa unavunwa. Nabintu alikuwa na mtoto mgongoni. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akasimulia huku mikono ikiendelea kupepeta. Bunduki kubwa zilipoanza kulia, vijana wengine wote waligeuka wakakimbilia milimani. Kashindi hakugeuka.

Alinionyesha kwa kidevu wanaume waliokuwa shambani. "Wale pale walikimbia. Weye waona, wanakata mupunga."

Nimetembea sana tangu wakati huo, na kila mahali nimekuta watu wanaohimizwa kwenda mbele. Wakati wa uhuru tulihimizwa hivyo, na wakati wa uasi vilevile, na waliotuhimiza wengi wao wako hai. Katika safari ile nilijifunza kwamba mtu anaweza kunyang'anywa kazi yake kwa neno moja, na akalitunza neno hilo mwenyewe kama mali. Kashindi aliilinda dawa asije akafa, na kwa kuilinda akaikosa ile nyumba ya matofali ambako angekuwa anaishi mpaka leo. Nilimwambia Nabintu hivyo. Alisema wali umeiva, nile kwanza.